Nani Kabisha Hodi? Fayawoli ya Nyumbani Inaposingiziwa, na Inapokuwa na Kosa Kweli

Jumamosi moja jioni nilipigiwa simu na dada mmoja anayefanya kazi ya kuchapa na kutoa kopi sebuleni kwake. "Fundi, printa imegoma. Nimebadilisha rauta tu, sijagusa kitu kingine." Printa ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ya mezani, na laptopu ilikuwa ikiituma kazi kupitia Wi-Fi. Sasa laptopu haikuiona kabisa. Nikamwuliza kama fayawoli inawaka. Akajibu bila wasiwasi: "Hiyo ilizimwa zamani. Fundi wa kwanza alisema ndiyo inayosumbua."

Nilipofika nikakuta ile ngao ndogo ya chini kulia mwa skrini ina alama nyekundu ya X. Ilikuwa hivyo kwa miezi minane. Fayawoli imezimwa, na printa bado haionekani. Maana yake tatizo la siku hiyo halikuwa lake hata kidogo, na kwa muda wote huo kompyuta yenye mitihani ya shule za watu ilikaa wazi bure.

Fayawoli ni mlinzi wa geti la kompyuta kwenye mtandao. Wengine huiita ukuta wa moto, wengine ngome. Mafundi ninaofanya nao kazi husema fayawoli, nami nitasema hivyo hivyo. Nitazungumzia zaidi Windows 10 na 11, kwa sababu ndizo ninazozikuta majumbani.

Swali la kuanzia

Fayawoli haisomi nia ya mtu. Inasoma vitu vichache vilivyoandikwa juu ya bahasha: pakiti (kipande cha data) imetoka anwani gani, inakwenda anwani gani, poti (mlango wenye namba) ya ngapi, inasafiri kwa TCP au UDP, na kwenye Windows pia ni programu gani inayohusika. Halafu inauliza kitu kimoja: nani kabisha hodi kwanza? Ukifungua tovuti, wewe ndiye uliyeanza mazungumzo, kwa hiyo jibu linaporudi linapita kwa kuwa lilikuwa linangojewa. Anayekuja bila kuitwa haingii mpaka pawepo kanuni inayomruhusu. Windows imepangwa hivyo tangu mwanzo: ya kutoka yaende, ya kuingia yasubiri nje. Na imekuwa ikijiwasha yenyewe tangu Windows XP ilipopata Service Pack 2 mwezi Agosti 2004.

Basi kabla ya kugusa chochote, jiulize safari iliyokwama imeanzia wapi. Kama kompyuta yako ndiyo iliyotoka kwenda kutafuta kitu, uwezekano wa fayawoli kuwa na kosa ni mdogo. Kama kuna kifaa kingine kinachojaribu kuingia kwenye kompyuta yako, hapo mshitaki bila kuona haya.

Jambo la pili: mageti ni matatu, si moja. Kuna la kompyuta yenyewe, la rauta, na la mtoa huduma wa intaneti. Nimeona mtu akihangaika siku mbili na geti la kompyuta wakati lililofungwa lilikuwa la tatu, ambalo hata funguo zake hanazo.

Kuizima kwa majaribio, na kuirudisha

Sikatai kuizima ili kupima. Ninachokataa ni kuizima na kuondoka. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, uzime upande wa mtandao wa nyumbani peke yake:

netsh advfirewall set privateprofile state off

Jaribu kile kilichogoma. Kisha, kiwe kimekubali au kimekataa, andika:

netsh advfirewall set allprofiles state on

Dakika mbili zinatosha. Kikigoma hata fayawoli ikiwa imezimwa, umeshapata jibu: mwachie, katafute kwingine. Kikikubali, sasa una kazi ya kutafuta kanuni iliyokosekana au iliyozidi. Ila hakikisha kwanza mtandao wako umewekwa kama Private, yaani wa faragha. Kama umewekwa kama Public, yaani wa hadharani, amri ya kwanza haitagusa kitu na jaribio litakudanganya.

Watu huniambia, "Si rauta inatukinga?" Kwa yanayoingia kutoka nje, ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Lakini laptopu haikai nyumbani. Inakwenda chuoni, hotelini, na kwenye Wi-Fi ya bure stendi, na ile hali ya kuzimwa inasafiri nayo. Na hata nyumbani, hatari huweza kuanzia ndani. Kirusi cha WannaCry, Mei 2017, kilikuwa kikiruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia poti 445, poti ya kushirikiana mafaili. Microsoft walikuwa wametoa kiraka chake, yaani sasisho la kuziba tundu hilo, Machi mwaka huo huo. Kwenye mtandao wa ndani ilitosha kompyuta moja kuugua, nyingine zote zisizo na kiraka na zenye poti hiyo wazi zikafuata.

Intaneti haifunguki

Hapa ndipo inaposingiziwa kuliko mahali pote. Kufungua ukurasa ni safari ya kutoka, kwa hiyo anza mbali na fayawoli.

Chukua simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, zima data ya laini, fungua ukurasa wowote. Ikigoma nayo, tatizo ni rauta, ni laini, au bando limekwisha. Usiguse kompyuta. Simu ikifungua na kompyuta ikagoma, andika ipconfig kwenye dirisha la amri. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, rauta haijaipa kompyuta anwani, nayo imejipa yenyewe. Toka kwenye Wi-Fi urudi, au zima rauta uiwashe. Anwani ikiwa ya kawaida, mfano 192.168.1.14, jaribu hizi mbili:

ping 8.8.8.8
ping wikipedia.org

Ya kwanza ikijibu na ya pili ikilalamika kwamba haijui jina hilo, njia iko wazi ila DNS ndiyo inayokosea, yaani hakuna wa kugeuza majina kuwa namba. Badilisha DNS iwe 1.1.1.1 au 8.8.8.8 uendelee na maisha.

Halafu kuna saa. Kompyuta ya mezani ya zamani ina betri ndogo ya duara, CR2032, kwenye ubao mama. Ikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka. Kivinjari kikikagua cheti cha tovuti kinaona bado muda wake haujaanza, kinatoa ukurasa wa kutisha kwamba muunganisho si wa faragha. Nimewakuta watu wameshazima fayawoli, wamefuta antivairasi, wamebadilisha kivinjari, na pembeni pale saa inasema 2009.

Yapo machache ambapo geti la kompyuta linahusika kweli. Antivairasi yenye fayawoli yake ndani, ya majaribio ya siku 30, ikiisha muda au ikifutwa nusunusu, huacha vichujio vyake kwenye njia ya mtandao. Iondoe kwa kifaa maalumu cha kuifuta kutoka kwa walioitengeneza, siyo kwa kufuta folda. VPN nazo, programu za kupitisha intaneti yako kwenye njia iliyofichwa, nyingi zina kufuli la kukata intaneti yote pindi VPN inapokatika. Ukifunga programu vibaya, kufuli linaweza kubaki limefungwa. Fungua VPN tena, izime kwa utaratibu. Na kama mtu aliwahi kukuwekea programu iliyokrakiwa, mara nyingi aliongeza kanuni za kuzuia programu hiyo isiwasiliane na mwenyewe huko nje, na siku nyingine mkono wake uliteleza akazuia zaidi ya alichokusudia.

Ukiona kanuni zimevurugika kiasi kwamba huelewi nani aliweka nini, weka nakala kwanza, kisha rudisha kila kitu kilivyotoka kiwandani:

netsh advfirewall export "C:\Users\Public\fayawoli.wfw"
netsh advfirewall reset

Programu zako zitaanza kuomba ruhusa upya. Vumilia.

Intaneti ikiwa inafunguka ila ni ya kukokota, usipoteze muda hapa. Fayawoli ya Windows huruhusu au huzuia. Haina tabia ya kupunguza mwendo.

Printa au folda ya pamoja haionekani

Turudi sebuleni kwa yule dada. Nilichokifanya kwanza ni kulinganisha anwani. Kompyuta ya mezani ilikuwa 192.168.1.20. Laptopu ilikuwa 192.168.5.103. Namba ya tatu kati ya zile nne, 1 na 5, hazifanani, kwa hiyo hawakai chumba kimoja. Rauta mpya ilikuja na Wi-Fi mbili, moja ya wenye nyumba na moja ya wageni, na laptopu ilijiunga na ile ya wageni kwa sababu kijana wake alikumbuka nywila yake. Mtandao wa wageni umetengenezwa makusudi ili aliyemo apate intaneti lakini asione vifaa vya ndani. Niliihamisha laptopu, karatasi ya majaribio ikatoka.

Hapo ningeweza kuchukua nauli yangu niondoke. Nikawasha fayawoli, printa ikapotea tena.

Kumbe fundi wa kwanza hakuwa amekosea moja kwa moja. Makosa yalikuwa mawili, moja juu ya jingine. Windows huuliza kila mtandao mpya ni wa namna gani, wa hadharani au wa faragha, na Windows 11 huuchukulia kuwa wa hadharani mpaka uiambie vinginevyo. Kwenye mtandao wa hadharani kanuni za kushirikiana mafaili na printa zinalala. Kila ukibadilisha rauta, Windows inaona mtandao mgeni na kuanza upya. Angalia hali ilivyo kwenye PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows:

Get-NetConnectionProfile

Ukisoma NetworkCategory : Public, na ni kweli uko kwako, ibadilishe:

Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Wi-Fi" -NetworkCategory Private

Hiyo inataka PowerShell ya msimamizi, na jina lililo ndani ya alama za kunukuu liwe lile uliloliona kwenye amri ya kwanza, maana anayetumia waya atakuta Ethernet. Asiyependa amri aingie Settings, Network & internet, abonyeze sifa za Wi-Fi yake achague Private. Kisha ahakikishe kushirikiana mafaili na printa kumewashwa kwa upande huo wa Private peke yake. Kompyuta ya dada ilikuwa Public. Nilipoibadilisha, karatasi ikatoka na ngao ikawa ya kijani.

Kuna nyumba zenye rauta mbili: ya mtoa huduma ukutani, na nyingine iliyonunuliwa ili Wi-Fi ifike chumbani. Kama ya pili haikupangwa iwe daraja tu, inatengeneza mtandao wake nyuma ya ule wa kwanza. Dalili yake ni ya ajabu kidogo. Aliye chumbani anaweza kuifikia printa ya sebuleni kwa namba ya anwani, aliye sebuleni hawezi kufikia chochote cha chumbani. Ni hodi ile ile: wa ndani anatoka, wa nje haingii. Ingia kwenye rauta ya pili uiweke katika hali ya access point.

Usitumie ping kama kipimo cha mwisho. Kompyuta ya Windows iliyo kwenye mtandao wa hadharani hukaa kimya ikipigiwa ping, ingawa ni nzima. Pima poti yenyewe ukiwa kwenye PowerShell:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445

TcpTestSucceeded : True inasema njia ipo, kwa hiyo kinachobaki ni jina la mtumiaji, nywila au dreva. Ikiwa False, fahamu tofauti ya kukataliwa na kunyamaziwa. Printa ya mtandao au kompyuta ya Linux isiyo na kitu kinachosikiliza kwenye poti hiyo hujibu mara moja kwamba hapana. Iliyo nyuma ya fayawoli kwa kawaida haijibu kitu, unasubiri hadi muda unaisha. Lakini Windows yenye fayawoli inayowaka hunyamaza vyote viwili, iwe imezuia au hakuna anayesikiliza. Kwa hiyo nenda kwenye kompyuta hiyo hiyo, andika netstat -ano, tafuta :445 yenye neno LISTENING. Isipokuwepo, hata ukifungua fayawoli ng'o, hakuna mtu ndani wa kuitikia.

Programu moja tu imegoma, nyingine zinaenda

Hili ndilo ninalolipenda, kwa sababu sababu yake hukaa mahali ambapo watu hawatazami.

Wapwa zangu wawili walitaka kucheza Minecraft pamoja, kila mmoja na kompyuta yake. Mkubwa anafungua dunia yake kwa wa mtandao wa ndani, mdogo anaiona jina ila akiingia inakwama. Mtandao ulikuwa Private. Mkubwa, ambaye anajiamini, alikuwa ameshaongeza kanuni ya kuruhusu poti 25565 aliyoisoma mahali. Haikusaidia.

Nikafungua wf.msc, dirisha la kanuni zote za fayawoli, nikaingia Inbound Rules (za kuingia), nikapanga kwa majina. Katikati ya orodha zilikuwepo kanuni mbili zenye duara jekundu, jina lake OpenJDK Platform binary. Hilo ndilo jina ambalo Java inayoendesha mchezo hujitambulisha kwalo. Siku ya kwanza mchezo ulipojaribu kupokea wageni, Windows ilitoa kidirisha ikiuliza kama iruhusu. Kijana hakulijua jina hilo, akafanya kama tulivyomfundisha na vitu asivyovijua: akabonyeza Cancel.

Watu wengi wanadhani Cancel ni kuahirisha. Sivyo. Ukibonyeza, Windows inaandika kanuni za kuzuia programu hiyo, kwa kawaida mbili, moja ya TCP na moja ya UDP, na haitakuuliza tena. Na kanuni ya kuzuia ina nguvu kuliko ya kuruhusu. Unaweza kuongeza ruhusa kumi, duara jekundu moja linazishinda zote. Mtumiaji asiye msimamizi ana shida zaidi, kwake mara nyingi kanuni za kuzuia huandikwa bila hata kidirisha kutokea.

Nilizifuta zile mbili. Nikafuta na ile ya 25565, kwa sababu dunia inayofunguliwa kwa mtandao wa ndani huchukua poti yoyote iliyo tupu, kila safari namba nyingine. Mchezo ukafunguliwa upya, kidirisha kikarudi, safari hii tukaweka tiki kwa mitandao ya faragha tu na kukubali. Toka hapo shida yangu ni kuwatoa kwenye viti.

Kama ungependa kuandika kanuni mwenyewe, iandikie programu badala ya poti pale inapowezekana. Programu ikifungwa, hakuna anayesikiliza na tundu halina maana. Na kwenye Scope, upande wa anwani za mbali, chagua Local subnet, ili ruhusa iishie kwa majirani wa nyumba hiyo hiyo.

Kamera haionekani ukiwa mbali na nyumbani

Umefunga kamera nne na mashine ya kurekodi. Ukiwa nyumbani unaona kila kitu, ukitoka getini picha zinapotea. Fundi aliyefunga anasema "nifungulie poti". Hapa geti la kompyuta halihusiki hata kidogo, kwa hiyo liache.

Ingia kwenye rauta, tazama ukurasa wa hali, soma anwani ya upande wa nje, mara nyingi imeandikwa WAN IP. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya hadharani. Zikifanana, rauta yako imepewa anwani halisi na kufungua poti kunawezekana. Zisipofanana, na hasa ile ya rauta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255 au ikianza na 10, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hilo ndilo geti la tatu. Fungua poti mia kwenye rauta, hodi ya kutoka nje haitafika kwako kamwe. Rauta za laini ya simu karibu zote nilizofungua ziko hivi.

Usipime ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Rauta nyingi hazikubali mtu wa ndani kujipigia kupitia anwani ya nje, kwa hiyo jaribio litashindwa hata kama kila kitu ni sawa. Zima Wi-Fi ya simu, pima kwa bando.

Na hata pale inapowezekana, mimi sifungui poti ya kamera. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka intaneti kikibisha hodi kwenye kamera na mashine za kurekodi, kikijaribu majina na nywila za kiwandani, aina ya admin na admin. Kilikusanya vifaa vingi kiasi kwamba tarehe 21 Oktoba mwaka huo shambulio dhidi ya kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikihudumia DNS, liliangusha tovuti kubwa kwa masaa. Wenye kamera hawakujua kitu. Nywila za kiwandani bado nazikuta leo.

Njia nzuri ni kuigeuza safari: badala ya wewe kubisha nyumbani, nyumba itoke ikutafute. Huduma ya wingu ya kamera yenyewe hufanya hivyo. Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako mwenyewe, nayo hufanya hivyo kwa anayetaka kuifikia kompyuta yake. Safari za kutoka zinapita hata nyuma ya geti la mtoa huduma. Kisha ingia kwenye rauta uzime UPnP, ambayo huruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia poti bila kumwuliza mwenye nyumba. Michezo michache italalamika, utaamua kipi bora. Poti 3389 (ya kuendesha kompyuta kwa mbali) na 445 zisiwe wazi kwa dunia kwa sababu yoyote.

Kama rauta yako inatoa IPv6, mfumo mpya wa anwani, tafuta ukurasa wake wa fayawoli ya IPv6 uhakikishe imewashwa. Katika IPv4, mfumo wa zamani, kile kitendo cha kugawana anwani moja hukuficha kwa bahati. IPv6 haina maficho hayo, kila kifaa kinapata anwani inayofikika.

Fayawoli yenyewe haikubali kuwaka

Kitufe kimefifia, na juu yake maandishi yanasema baadhi ya mipangilio inasimamiwa na taasisi yako. Wewe huna taasisi, kompyuta umeinunua mtumba. Hizi zinazotoka maofisini Ulaya wakati mwingine huja na sera za ofisi ya zamani zikiwa bado ndani. Kuwinda sera moja moja ni kazi ya kuchosha, na hujui nini kingine kilibaki. Hamisha mafaili yako, sakinisha Windows upya.

Ukiambiwa inasimamiwa na programu nyingine, tazama antivairasi. Ikiwa hai, sawa, imeshika zamu. Ikiwa imeisha muda, iondoe.

Usikubali ushauri wa kuzima huduma ya Windows Defender Firewall kwenye orodha ya huduma, ile yenye jina fupi MpsSvc. Microsoft wenyewe wanaonya kwamba ikisimamishwa namna hiyo menyu ya Start inaweza kuacha kufanya kazi na programu za dukani kugoma kusakinishwa. Ukiikuta imezimwa na hukuizima wewe, irudishe iwe ya kujiwasha, uanzishe kompyuta upya, kisha ufanye uchunguzi wa virusi wa nje ya mtandao, maana virusi vingi huanza kwa kumfunga mlinzi mdomo.

Kwa wenye Mac: fayawoli yake hutoka kiwandani imezimwa, na ukiweka tiki ya kuzuia miunganisho yote inayoingia, usishangae kushirikiana mafaili kukigoma. Kwenye Ubuntu, aina ya Linux, fayawoli yake ufw nayo hulala mpaka uiamshe. Kama unaiendesha kwa mbali kupitia SSH, njia ya kuandika amri kwenye kompyuta iliyo mbali, andika sudo ufw allow ssh kabla ya sudo ufw enable, la sivyo utajifungia nje ya nyumba yako mwenyewe na funguo ziko ndani.

Daftari la fayawoli

Ukishindwa kote, iache fayawoli ikueleze yenyewe. Kwa kawaida haiandiki kitu. Fungua wf.msc, bonyeza kulia juu kabisa, chagua Properties, ingia upande wa Private, na kwenye Logging iambie iandike pakiti zilizotupwa. Daftari linakaa C:\Windows\System32\LogFiles\Firewall\pfirewall.log. Rudia kosa, kisha soma mistari ya mwisho. Mstari wa printa iliyogoma, ukikata tarehe ya mwanzoni na vya mwishoni, ungekuwa na sura hii:

19:42:11 DROP TCP 192.168.1.14 192.168.1.20 51544 445

Saa, hukumu, itifaki, aliyebisha, aliyebishiwa, poti ya kutokea, poti ya kuingilia. Ukiuona, umeshapata kanuni unayoitafuta: 445, kutoka laptopu. Usipouona mstari wowote wakati unajaribu, fayawoli haikuitupa pakiti: ama imeiruhusu, ama haikufika kwenye kompyuta hii, basi rudi kwa rauta.

Yule dada nilimwachia daftari likiwa limewashwa. Siku ya tatu akanitumia picha ya skrini na ujumbe mmoja: "Fundi, tunashambuliwa." Mistari mingi ya DROP, UDP, yote ikielekea 239.255.255.250 poti 1900, na yote kutoka anwani moja ya ndani. Ilikuwa televisheni yake. Televisheni za kisasa huita nyumba nzima mara kwa mara kuuliza nani yupo, na kompyuta isiyohitaji kuitikia huyatupa maswali hayo. Mistari hiyo iache. Utakayoishughulikia ni kifaa kimoja cha ndani kinachogonga 22, 445, 3389, moja baada ya nyingine ndani ya sekunde chache, kwenye kompyuta ambayo hakina shughuli nayo. Kama ni kamera au kisanduku cha televisheni, kichomoe ukutani kwanza, maswali baadaye.